Kwa nini kitu kinaweza kutengenezwa kiwandani Marekani na bado kisiruhusiwe kuandikwa "Made in USA"?

Chukua taa ya mezani. Shaba yake ya Marekani, kofia yake ya Marekani, mafundi walioiunganisha wako hukohuko Marekani, ila kitako chake kimeagizwa nje. Je kampuni inaruhusiwa kuibandika "Made in USA"? Hairuhusiwi. Sasa chukua jiko la gesi la kuchomea nyama, limetengenezwa kiwandani Nevada, valvu ya Marekani, bodi ya Marekani, kilichotoka Mexico ni vile vitufe vya kuzungusha na mpira wa gesi. Hilo ruksa, liandikwe tu. Mifano yote miwili iko kwenye miongozo ya FTC, yani Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwabana wanaowadanganya wateja kuhusu asili ya bidhaa.

Watu wengi wakiiona ile lebo wanadhani kuna ofisi fulani ya serikali imekagua mzigo, imehesabu vipuri, halafu ikatoa kibali. Hakuna kitu kama hicho. Kampuni inajiandikia yenyewe, haiombi ruhusa kwa mtu, na FTC inakuja baadaye kama kuna malalamiko au kama yenyewe imeshtukia jambo. Na tena kwa bidhaa nyingi sana hakuna hata sheria inayomlazimisha mtengenezaji wa ndani aseme kitu chake kimetengenezwa wapi, akitaka anakaa kimya na hana kosa. Wanaolazimishwa ni wachache: magari, nguo na vitambaa, sufu, na manyoya ya wanyama. Magari ndiyo yana hadithi yake kabisa, kuna sheria ya mwaka 1992 inayotaka gari jipya libandikwe karatasi dirishani yenye asilimia ya vipuri vilivyotoka Marekani na Kanada vikiwa vimejumlishwa pamoja, kwa hiyo ukiona asilimia 70 pale usidhani ni Marekani peke yake.

Wenye wajibu mkubwa wa kuandika ni waagizaji. Sheria ya ushuru ya mwaka 1930 inataka kitu kilichotoka nje kiwe na alama ya nchi kilikotoka, na mnunuzi wa mwisho aweze kuiona. Hapo ndipo unazaliwa ule mkanganyiko mkubwa kuliko yote, maana mtu anajisemea basi kama Forodha haijanidai niandike jina la nchi nyingine, si ina maana kitu changu ni cha Marekani? Inaonekana ni hesabu rahisi, kama si cha nje ni cha ndani. Lakini siyo, na hapa inabidi twende taratibu.

Forodha wana kipimo chao. Wanauliza kitu kilibadilika kweli mara ya mwisho wapi, yani kilikuwa kitu fulani kikawa kitu kingine, chenye jina lingine, tabia nyingine au matumizi mengine. Kipimo hiki kinarudi nyuma hadi kesi ya mwaka 1908 kwenye Mahakama Kuu ya Marekani, na kesi yenyewe ilihusu vizibo vya chupa za bia. Kampuni ya Anheuser-Busch ilikuwa inaleta vizibo kutoka Hispania, vimeshakatwa tayari, halafu kiwandani kwake inavichambua, inaviosha, inavipitisha kwenye mvuke na kwenye dawa ili visiharibu ladha ya bia wala visivujishe gesi. Kazi ya maana, siyo ya dakika mbili. Bia ikauzwa nje ya nchi na kampuni ikadai irudishiwe ushuru wa vizibo, kwa hoja kwamba vizibo vile vimekuwa bidhaa iliyotengenezwa Marekani. Mahakama ikakataa, ikasema kilichoingia ni kizibo na kilichotoka ni kizibo, kuhangaika nacho sana siyo sawa na kukigeuza kuwa kitu kipya.

Mwaka 1940 ikaja kesi nyingine, safari hii vishikio vya mbao vya brashi na vya miswaki vilivyotoka Japani, vinafika Marekani vinatobolewa na kuwekwa nywele zake. Mahakama ikaona hapa sasa kimezaliwa kitu kipya, kwa sababu kishikio peke yake hakimsafishi mtu meno, kwa hiyo mswaki uliokamilika haukuwa na ulazima wa kubeba jina la Japani.

Ukiangalia vizuri, huyo mwenye kiwanda cha miswaki ameondolewa mzigo wa kuandika Japani. Hakuna mahali alipopewa haki ya kuandika "Made in USA". Ni mambo mawili tofauti yanayosimamiwa na ofisi mbili tofauti. Forodha ni kama mtu anayeuliza mto ulibadilishwa jina wapi mara ya mwisho, akishapata jibu anafunga daftari, wakati FTC anataka kujua maji yaliyomo yametoka kwenye vijito vipi, na anapanda nao mlimani kuangalia. Mto unaweza kuwa na jina la bondeni huku maji yake mengi ni ya mbali. Ndiyo maana kuna bidhaa ambazo kwa Forodha siyo za nchi ya nje, na kwa FTC siyo za Marekani vilevile, zinabaki madukani hazina nchi ya kujivunia, na kisheria hilo siyo tatizo hata kidogo. Mimi naona hii ndiyo sehemu tamu ya mada yote, kwamba kitu kinaweza kuwepo, kikauzwa, kikatumika, na kisiwe na kwao.

Sasa kipimo cha FTC chenyewe kinasema hivi: ili uandike "Made in USA" bila maelezo mengine, bidhaa iwe yote au karibu yote ni ya Marekani. Umaliziaji ufanyike Marekani, kazi zote muhimu za utengenezaji zifanyike Marekani, na vipuri na malighafi vyote au karibu vyote viwe vimetengenezwa na kupatikana huko. Karibu yote ni asilimia ngapi? Hakuna namba, na haikusahaulika. Mwaka 1997 FTC ilipendekeza kulegeza kipimo, kwamba kama asilimia 75 ya gharama za utengenezaji ni za Marekani inatosha, na watu wakapiga kelele sana, vyama vya wafanyakazi vikiwemo, mwisho wa mwaka huohuo pendekezo likaondolewa na kipimo cha zamani kikabaki.

Bila namba wanaangalia nini? Gharama wanaziangalia ndiyo, lakini wanaangalia pia kile kilichotoka nje kiko umbali gani kutoka kwenye bidhaa iliyokamilika, na kina uzito gani kwenye kuifanya iwe ilivyo. Miongozo yao inalinganisha saa ya redio na pete. Plastiki ya kasha la saa ya redio inaweza kuwa imetokana na mafuta ya petroli ya nchi nyingine, na hakuna atakayesumbuliwa kwa hilo, kwa sababu mafuta yamepitia hatua nyingi sana hadi kuwa kasha, na kasha lenyewe siyo lililomfanya mtu anunue. Lakini pete ya dhahabu ambayo dhahabu yake imetoka nje haipiti, hata kama sonara ni Mmarekani na karakana iko Marekani, maana ukiitoa dhahabu kwenye pete ya dhahabu unabaki na nini? Ndiyo ileile habari ya kitako cha taa na vitufe vya jiko. Kitako ni sehemu kubwa ya taa, vitufe ni vitu vidogo tu pembeni.

Kampuni ya Shinola ya Detroit ilikutana na hili mwaka 2016. Walikuwa wanaunganisha saa za mkononi Detroit kwelikweli, wameajiri watu kwelikweli, na kauli mbiu yao ilikuwa inajinasibu kwamba Umarekani unatengenezwa pale. FTC ilipochimba ikakuta kwa baadhi ya saa gharama yote ya vifaa, asilimia 100, ni ya nje, na mashine ya ndani ya saa ni ya Uswisi. Wakabadilisha matangazo, wakaanza kutaja wazi kwamba vipuri ni vya Uswisi na vya nje. Kwa maoni yangu hiyo ni haki, mteja anastahili kujua analipia mikono ya nani na mashine ya nani, na kazi ya mikono ya Detroit haipungui thamani kwa kusemwa kama ilivyo.

Na njia ya kusema kama ilivyo ipo. Kampuni inaweza kuandika kwamba bidhaa imetengenezwa Marekani kwa vipuri vya ndani na vya nje, au itaje asilimia, au iseme imeunganishwa Marekani, mradi uunganishaji wenyewe uwe ni kazi ya maana. Ukipokea kompyuta ambayo vipuri vyote vimetoka nje, kazi yako ikawa kukaza skrubu na kufunga boksi, hata hilo neno la kuunganishwa hulipati.

Skrubu hizohizo ziliwahi kuzua kesi kubwa California. Sheria ya jimbo ilikuwa kali kuliko ya shirikisho, ilitazama hadi kipande kimojakimoja, na kampuni ya vitasa ya Kwikset ikashtakiwa kwa sababu baadhi ya vitasa vyake vilivyoandikwa "Made in U.S.A." vilikuwa na skrubu au pini za Taiwan, na vingine sehemu ya kazi yake ilifanyika Mexico. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya California ikaamua kwamba mteja aliyenunua kwa kuiamini lebo ana haki ya kushtaki, hata kama kitasa kinafunga vizuri tu. Baadaye sheria ikalegezwa, kuanzia 2016 jimbo linaruhusu vipuri vya nje hadi asilimia 5 ya thamani ya bidhaa kwa bei ya jumla, au 10 kama hivyo vipuri havipatikani kabisa Marekani.

Nchi nyingine zimechagua namba moja kwa moja. Kanada wanatofautisha madaraja mawili, bidhaa ya Kanada inatakiwa angalau asilimia 98 ya gharama za moja kwa moja ziwe za Kanada, na iliyotengenezwa Kanada inatosha 51 lakini lazima useme kuna vitu vya nje. Uswisi tangu 2017 wanataka asilimia 60 ya gharama kwa bidhaa za viwandani. Namba ina raha yake, mwenye kiwanda anapiga hesabu analala usingizi. Lakini namba ya gharama haioni dhahabu kwenye pete wala mashine kwenye saa, inaona risiti tu, kwa hiyo mimi bado naielewa FTC kwa kukataa.

Nyama nayo imekuwa na mambo yake, iko chini ya Wizara ya Kilimo siyo FTC. Kwa miaka mingi nyama ya ng'ombe aliyekulia na kuchinjwa nje ya nchi, ikiingia Marekani na kukatwakatwa tu kiwandani, iliweza kuandikwa ni zao la Marekani. Wafugaji walilalamika sana. Kanuni mpya ilitolewa Machi 2024 na inatumika tangu Januari 1, 2026: anayetaka kuandika hivyo, mnyama awe amezaliwa, amefugwa, amechinjwa na nyama yake imeandaliwa Marekani.

Upande wa adhabu, kwa miaka mingi FTC mara nyingi ilikuwa inawaambia wadanganyifu waache na inaishia hapo. Kanuni iliyoanza Agosti 2021 ndiyo iliyowapa meno, faini ikaweza kufika hadi zaidi ya dola 43,000 kwa kila kosa, na kiwango hicho kikapandishwa baadaye. Mwaka 2022 kampuni ya nguo ya Lions Not Sheep ikaamriwa ilipe dola 211,335 kwa kung'oa lebo za nje kwenye fulana na kuweka za "Made in USA". Mwaka 2024 Kubota, wauzaji wa matrekta, wakalipa dola milioni 2 kwa sababu ya spea zilizoandikwa za Marekani wakati zimeagizwa nje zima zima. Na mwaka huohuo Williams-Sonoma, kampuni ya bidhaa za nyumbani, waliokuwa wameshalipa dola milioni 1 mwaka 2020 na wakaapa hawatarudia, wakakutwa tena na bidhaa zilizotoka China zikitajwa kuwa za Marekani, wakalipa dola 3,175,000, ambayo wakati ule ilikuwa faini kubwa kuliko zote kwenye kesi za aina hii.