Ufyonzwaji: mahamri na mbaazi huingia mwilini vipi?

Mtu wa Lamu akishamaliza mahamri yake na mbaazi za nazi asubuhi, huona chakula kimeshaingia mwilini. Bado. Hata kikisagika tumboni kikawa uji, kingali nje kwa maana moja: kimo ndani ya mrija mrefu ulio wazi ncha zote mbili. Kuingia hasa ni pale kinapopenya ukuta wa utumbo mwembamba na kushika njia ya damu. Kupenya huko ndiko kuitwako ufyonzwaji.

Utumbo huu hufikia mita 6 kwa mtu mzima, lakini urefu peke yake usingetosha. Ukuta wa ndani umekunjamana, na juu ya mikunjo vimejaa vili, vijinyama vya kimo cha milimita 1 au chini yake, vimesimama kama manyoya ya zulia. Seli zinazovifunika zina vijinywele vyake tena, vya kuonekana kwa hadubini tu. Ukikunjua vyote, wapata uso wa mita za mraba 30 hivi. Seli zenyewe huchakaa upesi. Katika siku 3 hadi 5 huwa zimeshabadilishwa.

Wanga wa mahamri huvunjwa ukawa glukosi, yaani sukari nyepesi, na protini ya mbaazi ikawa asidi amino, vipande vinavyoijenga protini. Vyote viwili hupita kwenye seli hizo na kuingia vijishipa vya damu vilivyo ndani ya vili. Damu hiyo haiendi moyoni moja kwa moja. Hupitia ini kwanza, ambalo hupokea, hutengeneza na kuweka akiba.

Mafuta ya tui yana njia yake. Kwa kuwa hayakubaliani na maji, nyongo huyatawanya yakawa matone madogo, kisha kimeng'enya cha kongosho, yaani kemikali ya kuvunja chakula, huyavunja. Yakishaingia kwenye seli mengi huundwa upya, yakatumbukia katika mshipa wa limfu, majimaji ya mwili yenye mishipa yake mbali na ya damu, yakapanda hadi karibu na bega la kushoto, na huko ndiko yanakokutana na damu.

Kwa hiyo anayepika mchicha kwa nazi hajakosea hata kidogo: karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, husafiri pamoja na mafuta. Madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi ndiyo yenye taabu, hayafyonzwi kwa urahisi. Ukikamulia ndimu, vitamini C huyaweka katika hali ambayo sehemu ya kwanza ya utumbo huweza kuyapokea. Chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, hufanya kinyume. Tanini zake, zile kemikali zinazoipa ukakasi, huyashika madini hayo, mengi yakapita hivyo hivyo hadi chooni. Sisemi watu waache chai, kwani Lamu nani atakusikiliza? Ila mja mzito, au mwenye upungufu wa damu, ni heri ainywe saa moja hivi baada ya kula.