Weusi wa kwenye picha si utupu

Kila nikifungasha darubini pale Capri Point, Mwanza, hakosi mtu wa kutazama picha ya Andromeda, galaksi jirani yetu, kwenye simu yangu na kusema, "Kumbe nje ya galaksi hakuna kitu." Jumamosi iliyopita walikuwa watatu. Jamani!

Kitu kipo. Ni gesi, ila nyepesi mno: sehemu nyingi, sentimita moja ya ujazo haipati hata atomu moja. Kamera ya kawaida itaambulia nini hapo? Sasa geukia ziwani usiku wa giza, zitazame karabai za wavuvi wa dagaa. Lile wingu la wadudu wa ziwani likipita hulioni, ila taa iliyo nyuma yake inafifia. Taa yetu sisi ni kwasari, yaani kiini cha galaksi kinachong'aa mno, kilicho mbali sana nyuma ya galaksi tunayoichunguza. Mwanga wake ukipenya kwenye gesi, kila elementi inameza rangi zake: haidrojeni ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, magnesiamu mistari pacha ya 279.6 na 280.3. Ukiuchambua mwanga, unakuta mabonde pale rangi zilipomezwa.

Na mwenye gesi anajulikana. Bonde la haidrojeni likikutwa kwenye 145.9 badala ya 121.6, wimbi limevutwa kwa asilimia 20, maana ulimwengu unatanuka mwanga ukiwa safarini. Tafuta angani, jirani na njia ya mwanga huo, galaksi ambayo mwanga wake umevutwa kiasi hichohicho: gesi ni yake. Wanaastronomia Bahcall na Spitzer waliliwaza hili tangu 1969. Mwaka 2020 Andromeda yenyewe ilipimwa kwa kwasari 43, ikaonekana gesi yake inafika miaka-nuru milioni 1.3, na pande nyingine hadi milioni 2. Hicho ndicho mnachokiita "hakuna kitu".

Wengine husema, "Gesi ya huko ni barafu." Wapi! Ile ya ubaridi ina nyuzi kama 10,000. Nyingine inafika milioni.

Au, "Ukinunua darubini kubwa utaiona hapahapa." Kwa galaksi za jirani, ule mstari wa 121.6 ni urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, nao unaishia kwenye angahewa. Ndiyo maana mwaka 2009 wanaanga walipanda kuifungia Hubble, darubini iliyo angani, chombo cha kuchambua mwanga huo.

Mkija tena msiniombe picha, niombeni grafu ya mwanga yenye mabonde hayo. Na anayetaka kuona mabonde ya namna hiyo, yakiwa mistari myeusi kwenye mwanga wa Jua, kwa macho yake achukue boksi la viatu, kipande cha CD na nyembe mbili za kutengeneza mwanya, aelekeze kwenye anga la mchana, kamwe si kwenye Jua. Mwanya uwe mwembamba kama unywele. Ukiuacha mpana, utaona upinde wa mvua tu, halafu utanipigia simu kulalamika.