Kuachilia shingo iliyovutwa na kovu la moto

Donda la moto likishafunga, kovu lake bado linasinyaa kwa miezi, kwa sababu ndani yake mna seli zinazojikaza mithili ya msuli. Shingoni kovu hilo huvuta kidevu kuelekea kifuani. Likizidi, mdomo wa chini hupinduka, mate hutiririka, na kutazama juu huwa shida. Mto nao huchangia: majeruhi hupata ahueni akilaza kichwa kikiwa kimeinama, na kovu hukomaa katika mkao huohuo.

Wengi hudhani upasuaji wa kuachilia shingo hufuta kovu. Haufuti, hurudisha ngozi iliyopungua. Daktari hukata kovu kwa kulikingama pale lilipokaza zaidi, kutoka upande mmoja wa shingo hadi wa pili, na mara nyingi hukata pia msuli mwembamba ulio chini yake. Kichwa kikirudishwa nyuma, mkato hupanuka ukawa donda kubwa ajabu. Donda hilo hufunikwa kwa ngozi iliyochunwa, aghalabu pajani. Ngozi nyembamba hushika upesi lakini husinyaa tena. Ngozi ya unene kamili husinyaa kidogo, ila haipatikani nyingi. Kovu jembamba kama kamba huenda lisihitaji kupandikizwa: hukatwa kwa umbo la Z, na pembe za nyuzi 60 kinadharia huongeza urefu kwa asilimia 75 hivi.

Hatari kubwa ni nusu kaputi. Shingo isiyonyooka huficha njia ya hewa, kwa hiyo mpira wa kupumulia huingizwa kwa kamera nyembamba mgonjwa akiwa macho, au kovu huachiliwa kwanza kwa ganzi na ketamini, dawa ya kuondoa maumivu.

Ngozi iliyopandikizwa hufa damu ikijikusanya chini yake, ikiteleza, au ikiingiwa na vijidudu. Ndiyo sababu bandeji hukandamizwa na kuachwa siku 5 hivi.

Kovu likiwa bado jekundu na gumu, ni heri kusubiri lilainike, isipokuwa linazuia kupumua au kula, au linapotosha taya la mtoto anayekua.

Ngozi ikishashika huja kola ya kushikilia shingo ikiwa imenyooka, usiku na mchana, kwa miezi 6 au zaidi, ikivuliwa wakati wa kuoga, kula na mazoezi tu. Mgonjwa hulala bila mto, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya mabega. Kola inatia joto na kuwasha, na wengi huitupa mapema. Hao ndio hurudi na kidevu kimeinama tena.