Mwanga wa Jua Unaposhindana na Uvutano: Jinsi Chombo Kinavyoizunguka Asteroidi Ndogo

Wanafunzi wanaohudhuria vipindi vyetu vya elimu ya anga hapa Kisumu huuliza swali moja mara kwa mara: ikiwa asteroidi ni jiwe dogo lenye uvutano hafifu, je, si rahisi zaidi kulizunguka kuliko kuizunguka Dunia? Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba kazi hiyo ni ngumu zaidi.

Chombo kinachoizunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi hukimbia karibu kilomita 7.7 kila sekunde. Asteroidi Bennu ina kipenyo cha mita 490 hivi. Chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilipoanza kuizunguka tarehe 31 Desemba 2018, kilisafiri takriban sentimita 5 kwa sekunde, mwendo ambao mtoto anayetambaa angeushinda, na mzunguko mmoja ulikichukua saa 62 hivi. Kikiongezewa sentimita mbili au tatu tu kwa sekunde, chombo cha namna hiyo huponyoka na kwenda zake.

Hapo ndipo mwanga wa jua unapoingia. Mwanga husukuma kila kitu unachokiangukia, ingawa kwa nguvu ndogo mno: juu ya mita moja ya mraba, msukumo huo unakaribia uzito wa chembe moja ya mchanga. Karibu na Dunia msukumo huu humezwa na uvutano mkubwa. Aliyesimama ufuoni Dunga alasiri, upepo wa ziwa ukivuma, huenda amewahi kuona mtumbwi wenye nanga nyepesi ukiburutwa huku mwenzake wenye nanga nzito ukitulia palepale. Upepo ni uleule, tofauti ni nanga. Bennu ni nanga nyepesi, na mabawa mapana ya paneli za jua ndiyo matanga.

Wataalamu walichagua mzingo (njia ya kuzunguka) unaolikabili jua, kama pete iliyoshikwa wima mbele ya taa, ili chombo kipite daima juu ya mstari unaotenga mchana na usiku wa asteroidi. Katika mkao huo jua hukisukuma chombo kutoka upande mmoja wakati wote, kwa hiyo mzingo wote husogea nyuma kidogo, lakini hauvunjiki. Zaidi ya hayo, paneli hazifunikwi na kivuli. Binafsi naona huu ni ufumbuzi wa kupendeza sana. Wajapani, kwa upande wao, hawakuizunguka asteroidi Ryugu mwaka 2018. Chombo chao, Hayabusa2, kilikaa umbali wa kilomita 20 hivi, kikijirekebisha kwa injini zake.

Umbo nalo lina usumbufu wake. Asteroidi Eros, yenye urefu wa kilomita 34 hivi, inafanana na kiazi kitamu cha soko la Kibuye, tena kinachojizungusha, na kila ncha inapopita huvuta chombo kwa nguvu tofauti. Ndiyo maana kukaribia huwa salama zaidi chombo kikizunguka kinyume na mzunguko wa asteroidi yenyewe.

Mnamo Januari 2019 kamera za OSIRIS-REx zilinasa vijiwe vikirushwa kutoka Bennu. Vingine vilipotea angani, vingine vikaizunguka kwa siku kadhaa kabla ya kuanguka tena. Kwa kufuatilia njia za vijiwe hivyo, vilivyopita karibu kuliko chombo kilivyothubutu, watafiti waliupima uvutano wa Bennu kwa undani ambao chombo peke yake kisingeufikia.