Akupancha kwa Maumivu Sugu ya Mgongo: Maswali na Majibu

Mtu aliyeumwa mgongo kwa miaka huwa ameshajaribu mengi: vidonge, dawa za kuchua, mkanda wa kiuno, godoro gumu. Kisha anasikia habari za akupancha, tiba yenye asili ya China ambayo mgonjwa huchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa yoyote ndani yake. Mmoja anamwambia imemponya, mwingine anamwambia ni utapeli. Majibu haya ni ya mtu huyo aliyebaki njia panda.

Maumivu yangu yana wiki tano. Yameshakuwa sugu?

Bado. Maumivu ya mgongo huitwa sugu yakishapita wiki 12. Mengi hutulia kabla ya hapo, hasa mgonjwa asipojilaza siku nzima.

Nianzie kwa daktari, au niende moja kwa moja kwenye sindano?

Anzia kwa daktari. Wagonjwa wengi wa mgongo hawana ugonjwa wa hatari, lakini wachache wana tatizo ambalo akupancha haiwezi kuligusa: mfupa uliovunjika, saratani iliyosambaa, kifua kikuu cha uti wa mgongo, maambukizi kwenye pingili. Mwambie daktari kama una homa, kama unakonda bila sababu, kama maumivu yanakuamsha usiku na hayapungui hata ukigeuka, kama uliwahi kuugua saratani, kama ulianguka, au kama umetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Kuna dalili nyingine ambazo kila mwenye maumivu ya mgongo anapaswa kuzijua. Ukihisi ganzi sehemu za siri, kwenye njia ya haja kubwa au mapajani kwa ndani, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila wewe kujua, choo kikakuponyoka, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Huenda mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo imebanwa, na upasuaji ukichelewa ulemavu unaweza kubaki maisha yote. Hapo hata kidonge cha kutuliza maumivu usikisubiri kifanye kazi.

Nikifika nitafanyiwa nini? Inauma?

Utaulizwa maswali, kisha kwa kawaida utalala kifudifudi, labda na mto mdogo chini ya vifundo vya miguu ili kiuno kilegee. Sindano nyingi huja ndani ya kimrija cha plastiki. Mtaalamu hukisimamisha kimrija juu ya ngozi, anagonga kichwa cha sindano kwa kidole, na inapenya. Hapo wengi huhisi kama wamefinywa kidogo, na wengine hawahisi kitu. Unene wake ni kama milimita 0.2 hadi 0.3, wakati sindano ya kawaida ya kuchoma dawa kwenye msuli huwa na milimita 0.6 hadi 0.8.

Hisia halisi huja sindano inaposukumwa ndani zaidi na kuzungushwa taratibu: uzito, kujaa, au mvutano butu unaosambaa pembeni. Wachina huiita hali hiyo *de qi*, na wataalamu wengi huitafuta makusudi. Maumivu makali yanayochoma, au yanayoshuka mguuni kama shoti ya umeme, ni jambo jingine. Sema hapo hapo, sindano itolewe au irekebishwe.

Sindano huwekwa pande mbili za uti wa mgongo, kwenye matako, na mara nyingi nyuma ya goti, jambo linalowashangaza wagonjwa wa mara ya kwanza. Huachwa dakika 20 hadi 30. Wapo wanaosinzia kabisa.

Inafanyaje kazi?

Maelezo ya jadi yanasema sindano hurekebisha mtiririko wa nguvu ya uhai, *qi*, katika njia zake mwilini. Njia hizo hazijaonekana katika uchunguzi wa viungo vya mwili. Kinachoonekana ni kwamba sindano huamsha neva za ngozi na misuli, na ubongo hujibu kwa kutoa kemikali zake za kupunguza maumivu, zikiwemo endofini. Miaka ya 1970 watafiti waligundua kuwa dawa ya naloksoni, ambayo huzuia kazi ya morfini mwilini, inaweza pia kupunguza nafuu inayoletwa na sindano. Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine, kama utafiti unavyoonyesha, ni matarajio ya mgonjwa, muda wa kupumzika na kushughulikiwa kwa makini.

Utafiti unasema inasaidia kweli?

Jaribio moja linaeleza hali yote kuliko mengine. Nchini Ujerumani, wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kundi la kwanza lilipata akupancha ya Kichina. La pili lilichomwa sindano za kuigiza, yaani juu juu tu na mahali pasipo pointi za akupancha, zile sehemu za mwili ambazo jadi inaelekeza zichomwe. La tatu lilipata tiba ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili, na 27.4 katika la tatu.

Soma takwimu hizo taratibu. Waliochomwa sindano, za kweli au za kuigiza, walipata nafuu kuliko waliopata tiba ya kawaida kwa tofauti kubwa. Lakini kati ya sindano za kweli na za kuigiza tofauti ilikuwa ndogo mno. Tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea huko huko: akupancha inashinda kutofanya lolote, ila inaizidi kidogo tu ile ya kuigiza.

Ndiyo maana wakubwa wa tiba hawakubaliani. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, mwaka 2017, kiliiweka miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, mwaka mmoja kabla, ilisema isitolewe kwa maumivu ya kiuno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, liliikubali kwa masharti. Mwongozo huo huo uliukataa mkanda wa kiuno kama tiba ya kawaida.

Basi ni imani ya mgonjwa tu?

Sikubali neno "tu". Mtu aliyeshindwa kuinama kufunga viatu na sasa anainama, nafuu yake ni ya kweli. Tena sindano ya kuigiza nayo inagusa ngozi na kuamsha neva, kwa hiyo si sawa na kutofanyiwa kitu. Ila matokeo haya yanakupa kinga dhidi ya maneno matupu. Kama kuchoma nje ya pointi kunasaidia karibu sawa na kuchoma kwenye pointi, anayekuambia kuwa yeye peke yake anajua pointi za siri, na kwamba bila yeye hutapona, muage kwa heshima. Vivyo hivyo kwa anayeahidi kurudisha diski, ile sahani laini iliyo kati ya pingili, mahali pake kwa sindano.

Niende mara ngapi, na nitajuaje kama inanisaidia?

Mara moja au mbili kwa wiki, jumla mara sita hadi kumi, ni jaribio la haki. Kabla ya kuanza, andika mambo mawili kwenye karatasi: kiwango cha maumivu yako kuanzia 0 hadi 10, na kazi moja ambayo mgongo umekunyima. Iwe kazi halisi, kama kukaa kitini saa nzima au kubeba ndoo. Nasisitiza kuandika kwa sababu maumivu sugu hupanda na kushuka yenyewe, na watu wengi huanza tiba siku yalipowazidi. Yakishuka wiki inayofuata, tiba yoyote itasifiwa.

Baada ya mara ya sita, rudi kwenye karatasi. Kama namba haijashuka na kazi bado hukuiweza, acha. Bima ya serikali ya wazee nchini Marekani, Medicare, imefuata mantiki hiyo tangu 2020: inalipia hadi mara 12 ndani ya siku 90, na nane za ziada kwa anayeonyesha nafuu pekee.

Ina hatari gani?

Kwa mikono yenye ujuzi, kidogo. Wajerumani waliwafuatilia wagonjwa 229,230, asilimia 8.6 walipata angalau tatizo moja, na lililoongoza lilikuwa kutoka damu kidogo au kuvilia. Wawili walitobolewa pafu. Hatari hiyo iko kwenye sindano za mgongo wa juu, mabega na kifua, na dalili yake ni kubanwa pumzi ghafla, pengine saa kadhaa baadaye. Wengine huishiwa nguvu au kuzirai, kwa hiyo usiende na njaa na usiinuke haraka.

Ninalokuomba usione haya kulifanya ni hili: tazama sindano. Pakiti ifunguliwe mbele yako, na sindano zikishatumika zitupwe kwenye kisanduku cha vifaa vyenye ncha kali. Sindano zilizorudiwa bila kuuawa vijidudu zimewahi kueneza homa ya ini aina ya B. Ukiambiwa zimechemshwa, ondoka.

Nani aseme hali yake kwanza?

Mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, aliyeshuka kinga kwa tiba ya saratani, na mwenye mzio wa nikeli. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikubali sindano zinazounganishwa na umeme.

Nikipata nafuu, bado nahitaji mazoezi?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi hupoteza walichokipata. Sindano haziimarishi misuli ya tumbo na mgongo. Zinachoweza kukupa ni siku chache ambazo maumivu yamelegea, na siku hizo ndizo za kutembea, kunyoosha nyonga, kuinuka kitini bila kujishika. Maumivu ya muda mrefu humfundisha mtu kuuogopa mwendo. Hofu hiyo huondoka kwa kuinama na kugundua kuwa hukuvunjika. Mimi ningekushauri upange fiziotherapia wiki zile zile za sindano, wala usisubiri zimalizike. Pesa ikitosha tiba moja tu, chagua mazoezi.

Je, niache vidonge vyangu?

Usiache ghafla, hasa dawa za jamii ya morfini, tramadoli, gabapentini na pregabalini, ambazo mwili huzizoea. Ukiona nafuu imedumu wiki kadhaa, mpelekee daktari ile karatasi yako, mpunguze dozi pamoja hatua kwa hatua.