Upofu unaoepukika: anauepuka nani?

Katika mkutano mmoja wa mtaa hapa Moshi, msemaji alieleza kwamba wazee wetu wengi wana "upofu unaoepukika, ila wenyewe hawataki kuuepuka". Nimeshausikia usemi huo ukigeuzwa kuwa lawama mara nyingi mno.

Maana yake ni fupi: ni upofu ambao ungeweza kuzuiwa usitokee, au ambao umeshatokea lakini unaweza kuondolewa kwa tiba. Kwa hiyo wanaoandika "upofu unaozuilika" wakikusudia yote mawili wanapunguza nusu ya maana. Mtoto wa jicho, ambao ndio chanzo kikubwa cha upofu duniani, mara nyingi huja na uzee na hauna kinga ya uhakika. Hata hivyo upasuaji wa muda mfupi huitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia, na mtu akaona tena. Presha ya macho ni kinyume chake, kwa kuwa uoni uliopotea haurudi, na kinachowezekana ni kuigundua mapema na kuulinda uliobaki.

Kinachopotosha watu, nadhani, ni kile kiambishi -ik-. Tukisema kikombe kimevunjika, hatumtaji aliyekivunja, na pengine ndiyo sababu watoto wanaipenda sana kauli hiyo. Tukisema mlango unafungika, hatujasema kwamba umefungwa, wala kwamba ufunguo uko mkononi mwa aliyesimama mbele yake. Vivyo hivyo "unaoepukika" hutaja uwezekano tu na kumnyamazia mtendaji, kisha msikilizaji huijaza nafasi hiyo kwa mtu aliye karibu zaidi, yaani mgonjwa mwenyewe. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walipozindua mwaka 1999 mpango wa kuondoa upofu wa aina hii ifikapo 2020, waliyekuwa wakimtwisha kazi hiyo hakuwa bibi kizee.

Bibi huyo, akiwa tambarare za Same, anahitaji nauli ya kufika KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko hapa Moshi, anahitaji mjukuu wa kumshika mkono ambaye siku hiyo ataacha kibarua, na kabla ya yote anahitaji mtu wa kumweleza kwamba ukungu ule si uzee wa kuvumiliwa. Kwa wafugaji wa Longido na Ngorongoro, ambako trakoma, maambukizi ya macho yanayoweza kuleta upofu, imekuwa tatizo la muda mrefu, kinga yake ni maji ya kunawa uso, vyoo, dawa inayogawiwa kwa jamii nzima, na upasuaji wa kope kwa waliokwisha kupata vikope, yaani kope zilizogeukia ndani na kukwaruza jicho. Hakuna hata kimoja ambacho mtu mmoja hujipatia kwa kuazimia tu.

Baada ya mkutano nilimwomba msemaji, kwa upole, aliondoe neno "hawataki" na aseme "upofu ambao ungeepukwa kama huduma ya mkoba ingewafikia", yaani ile ya wahudumu wa afya wanaowafuata watu huko waliko. Alilalamika kwamba sentensi imekuwa ndefu. Ni kweli imerefuka, kwa sababu sasa ina mtendaji ndani yake.