Siku ya Ngapi? Wakati wa Kila Dawa katika Matibabu ya COVID-19

Kila mara mvua zinaporudisha mafua mjini Goma, swali lile lile hurudi katika vituo vya afya, kuanzia Birere hadi Katindo: je, sasa kuna dawa ya korona? Muulizaji hutarajia jina moja aliandike kwenye karatasi na kwenda nalo farmasi. Ukweli ni kwamba dawa zipo kadhaa, baadhi yake ni za bei nafuu na tumezijua tangu zamani, lakini kila moja ina siku zake, na ile inayookoa maisha siku ya kumi inaweza kuwa bure, au hata kudhuru, siku ya pili. Ndiyo maana kabla ya kujibu mimi humuuliza mgonjwa, au mama aliyemleta: homa ilianza lini?

Ugonjwa huu una vipindi viwili ambavyo havifanani. Katika siku tano hadi saba za mwanzo virusi huongezeka kwa kasi puani, kooni na wakati mwingine mapafuni, na mgonjwa huhisi homa, kikohozi, maumivu ya mwili na uchovu. Wengi hupona hapo. Kwa wachache, hasa wazee na wenye kisukari, tansio au unene uliozidi, kipindi cha pili huanza wakati virusi vyenyewe vinapungua: kinga ya mwili, badala ya kutulia, huwaka kupita kiasi na kuanza kuharibu mapafu iliyopaswa kuyalinda. Kipindi hiki hudanganya, kwa sababu mara nyingi homa imekwisha kushuka na familia imeanza kushukuru, ilhali mgonjwa hawezi tena kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.

Deksametazoni ni dawa ya kipindi hicho cha pili. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio lililoitwa RECOVERY, ambamo wagonjwa 2,104 waliolazwa hospitalini walipewa miligramu 6 za dawa hii kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, wakalinganishwa na wagonjwa 4,321 waliopata matibabu ya kawaida tu. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 29.3 kwa waliopewa dawa na asilimia 41.4 kwa wasiopewa. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, ilikuwa asilimia 23.3 dhidi ya 26.2. Lakini kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, mizani iligeuka: asilimia 17.8 ya waliopewa dawa walikufa, dhidi ya asilimia 14.0 ya wasiopewa. Tofauti hii ya mwisho haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba dawa iliwaua, ila ilitosha kuonyesha kwamba hapakuwa na faida yoyote ya kutafuta hapo.

Ninakaa kwenye tarakimu hizi kwa makusudi, maana deksametazoni si ngeni kwetu. Inauzwa kwa bei ndogo, na wapo wanaoimeza ili wanenepe au wapate hamu ya kula, bila daktari yeyote kujua. Dawa hii hupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Kwa mapafu yanayoungua kutokana na kinga iliyozidi, hilo ni msaada. Kwa mtu wa siku ya pili, ambaye kinga yake ndiyo kwanza inapigana na virusi, ni kumfunga mkono askari wake mwenyewe. Zaidi ya hayo, hupandisha sukari mwilini na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, magonjwa mawili ambayo hayana uhaba katika Kivu. Mwenye mafua na kikohozi, anayepumua vizuri, hana sababu ya kuimeza, hata kama jirani yake aliokolewa nayo hospitalini.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: tunajuaje kwamba ni dawa iliyowaokoa hao, na si nguvu zao wenyewe? Watu wa Kivu Kaskazini wana jibu karibu kuliko wengi duniani. Kuanzia Novemba 2018, wakati Ebola ilipokuwa ikiua Beni na Butembo, taasisi yetu ya kitaifa ya utafiti wa kibiolojia, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, iliendesha pamoja na wenzake wa Marekani jaribio la dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura, si kwa cheo wala kwa kujuana, ili makundi yafanane na tofauti ya vifo itokane na dawa tu, na Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimeshinda wazi: waliokufa walikuwa takriban theluthi moja, wakati kwa dawa nyingine mbili walikuwa karibu nusu au zaidi. Moja ya zile zilizoshinda ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Na moja ya zile zilizoshindwa iliitwa remdesivir.

Jina hilo lilirudi mwaka uliofuata, safari hii kwa ajili ya korona, na safari yake yafaa kufuatwa. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililoitwa Solidarity, lililokusanya wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 30, lilitangaza Oktoba 2020 kwamba remdesivir haikupunguza vifo kwa namna ya kuonekana kati ya waliolazwa. Wengi waliizika hapo. Kisha jaribio jingine likaitoa kwa sindano ya mshipa kwa siku tatu tu, kwa watu ambao walikuwa bado nyumbani, katika siku saba za kwanza za dalili, wenye hatari ya kuzidiwa. Idadi ya waliohitaji kulazwa ilipungua kwa asilimia 87. Dawa ilikuwa ile ile, na kilichobadilika ni siku ya kuianza.

Kugawanya wagonjwa kwa kura ndiko pia kulikoondoa dawa tulizozitumainia. Haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ambayo wazazi wetu waliinywa kwa malaria, ilijaribiwa katika RECOVERY, na waliokufa walikuwa asilimia 27 kwa walioipata na asilimia 25 kwa wasioipata. Ivermektini, inayojulikana Kongo kwa kampeni za kupambana na upofu wa mtoni, ilijaribiwa nchini Brazil kwa watu 1,358 na haikuleta tofauti ya maana. Azithromisini nayo haikusaidia, na inasikitisha kwamba bado inaandikwa kwa kila kikohozi, kwani ni antibiotiki, na kila inapomezwa bure, vijidudu vingine hujifunza kuizoea. Kuhusu kujifukiza, mvuke unaweza kumpa mtu nafuu ya pua iliyoziba, lakini haufiki kuua virusi mapafuni, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza watoto wengi.

Tukirudi kwenye siku za mwanzo, dawa ya kumeza iliyojaribiwa vizuri zaidi ni nirmatrelvir inayounganishwa na ritonavir, inayojulikana kwa jina la biashara Paxlovid. Hunywewa kwa siku tano, na ni lazima ianze ndani ya siku tano za dalili. Katika jaribio lake kubwa la kwanza, kwa watu wenye hatari ambao hawakuwa wamechanjwa, watu 8 kati ya 1,039 walilazwa au kufariki, dhidi ya 66 kati ya 1,046 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo hayo yaliwafanya wengi waone kama kila mtu angepaswa kuinywa. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2024, kwa watu waliokuwa wamechanjwa au wasio na hatari kubwa, lilionyesha dalili zikiisha siku ya 12 kwa wenye dawa na siku ya 13 kwa wasio nayo, tofauti isiyo na maana. Ni dawa ya mzee mwenye kisukari, wala si ya kijana mwenye mafua.

Ritonavir ina tabia moja ambayo kila muuguzi wa Kivu anapaswa kuikumbuka: huzuia ini kuvunja dawa nyingine nyingi, ambazo basi hujaa mwilini hadi kuwa sumu. Kinyume chake, rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, huifanya Paxlovid yenyewe ivunjwe haraka kiasi cha kukosa nguvu, na athari hiyo hubaki kwa majuma hata baada ya rifampisini kusimamishwa. Hivyo mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwenye matibabu hapaswi kupewa Paxlovid. Anayekunywa dawa yoyote ya kila siku aje nayo ndani ya mfuko wake, na makopo yenyewe, asitegemee kukumbuka majina.

Kwa mgonjwa aliyefika kipindi cha pili, tiba ya kwanza si kidonge bali ni oksijeni. Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hutumia mwanga unaopita kwenye ngozi, na utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kilipoandika oksijeni kati ya asilimia 92 na 96, vipimo vya damu vilikuta kiwango cha chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya wagonjwa weupe. Maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kutuambia mgonjwa yuko salama wakati hayuko. Kikiandika 93 na mgonjwa anahema, mwamini mgonjwa. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, saa mkononi. Wakati chupa ya oksijeni inasubiriwa au umeme umekatika na mashine ya oksijeni imezimika, kumlaza kifudifudi aliye macho na anayeweza kujigeuza ni msaada wa kweli usio na gharama: jaribio lililohusisha nchi sita lilikuta kwamba waliohitaji mashine ya kupumulia au kufariki walishuka kutoka asilimia 46 hadi 40.

Kuhusu kinga, Goma ilirithi desturi nzuri kutoka kwa Ebola. Tangu Julai 2019, mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa hapa mjini, ndoo za maji yenye klorini zilisimama kwenye milango ya maduka, shule na makanisa. Ebola huenea kwa kugusa majimaji ya mwili, na ndoo ilifaa. Korona husafiri zaidi hewani. Tarehe 10 Machi 2020, siku ile ile Kongo ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Mmoja alikuwa na dalili. Wengine 52 waliugua, wakiwemo 32 waliothibitishwa kwa kipimo, na wawili walikufa. Asiyejua jinsi kwaya zetu zinavyofanya mazoezi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya jioni na vumbi la mawe ya volkano, hawezi kuelewa kwa nini habari hii inanigusa.

Barakoa nazo zimepimwa kwa kugawanya watu kwa kura. Huko Bangladesh, katika vijiji 600 vyenye watu wazima takriban 340,000, kugawa barakoa na kuhimiza matumizi yake kulipandisha uvaaji kutoka watu 13 hadi 42 kati ya 100. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, maambukizi yenye dalili yalipungua kwa takriban asilimia 35 kwa watu wa miaka 60 na zaidi. Nambari hiyo ni ya mabibi na mababu, ndio wanaohitaji kulindwa.

Chanjo bado ndiyo kinga yenye ushahidi mwingi zaidi, ingawa nguvu yake ya kuzuia mafua ya kawaida hufifia baada ya miezi, huku ile ya kuzuia ugonjwa mkali ikidumu zaidi. Historia yetu nayo ina aibu kidogo: Machi 2021 Kongo ilipokea dozi takriban milioni 1.7 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na takriban milioni 1.3 kati yake zilipelekwa nchi nyingine kabla hazijaisha muda, kwa sababu uvumi ulitangulia wahamasishaji wetu mitaani.

Mambo mapya kabisa yanahusu nyumba yenye mgonjwa. Paxlovid ilishindwa kuwakinga watu wanaoishi naye. Lakini mwaka 2025 ilitangazwa kwamba ensitrelvir, dawa ya kumeza iliyotengenezwa Japani, ikianzwa ndani ya saa 72 tangu mgonjwa wa kwanza nyumbani aonyeshe dalili, ilipunguza idadi ya wenzake waliougua kutoka asilimia 9.0 hadi 2.9. Mwaka huo huo watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba azelastini, dawa ya kupuliza puani inayotumiwa kwa mzio, ilipotumiwa mara tatu kwa siku kwa siku 56, walioambukizwa walikuwa asilimia 2.2 dhidi ya 6.7. Hili la pili lilihusu watu 450 tu, wengi wao wenye afya na waliochanjwa, na ningesubiri jaribio kubwa zaidi kabla ya kumshauri mtu atumie fedha zake.

Limebaki swali la wale ambao uchovu, kusahau na kukosa pumzi havijawaacha hata baada ya miezi. Metformini, kidonge cha kisukari kinachojulikana sana, ilijaribiwa Marekani kwa watu wenye unene uliozidi, na baada ya miezi kumi waliogunduliwa kuwa na korona ya muda mrefu walikuwa asilimia 6.3, dhidi ya 10.4 kwa wasioinywa. Wagonjwa hao, hata hivyo, walianza kuimeza ndani ya siku saba za dalili, wakaimeza kwa majuma mawili tu. Anayeinunua leo kwa uchovu wa miezi sita anatumia dawa ambayo jaribio hilo halikuwahi kuwapa watu wa hali yake.